Maiki gani kwa chombo gani: shajara ya majuma matatu

Siku ya 1

Kundi lina watu wanne: gitaa la nyuzi za chuma, fidla, kodiani na besi kubwa ya kusimama. Hakuna chombo cha umeme. Wamezoea kupiga wakiwa wamekaa duara katika chumba, na humo hawahitaji mitambo yoyote. Sasa wanakwenda kupiga ukumbini, watu wakiwa mpaka mlangoni, na wanataka kusimama na kusikia wenzao kwenye monita, yaani spika inayowatazama wapigaji wenyewe. Kazi yangu ni kuamua nani anapewa maiki ya aina gani, kabla ya siku ya 19.

Nilichonacho mezani: dainamiki mbili (maiki za sumaku na koili), mojawapo Shure SM57, kondensa nyembamba mbili zenye umbo la kalamu (maiki za bamba lenye chaji), maiki ndogo ya klipu, piezo ya duara ya kubandika (kidude kinachopokea mtikisiko wa ubao wenyewe), na maiki moja ya utepe niliyoazimwa kwa kiapo kwamba itarudi nzima. Gitaa lina piezo yake chini ya daraja, kiwandani ilikotoka.

Mpiga besi amenitazama nikizipanga zote akasema, “Fundi, mchagua jembe si mkulima.” Nimemjibu kwamba shamba hili lina udongo wa aina nne. Amecheka, lakini neno lake limenikaa.

Kipimo nilichojiwekea ni kimoja kwa wote. Monita inawekwa mahali itakapokaa siku ya onyesho. Mpiga chombo anasimama mahali pake. Napandisha sauti taratibu mpaka spika ianze kupiga mluzi, narudi nyuma desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), halafu namwuliza: unajisikia? Maiki ambayo jibu lake ni “hapana” haiendi ukumbini hata ikiwa na sauti ya malaika.

Siku ya 2

Gitaa. Nimeanza na kosa ambalo kila mtu huanza nalo: nimeielekeza SM57 moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, sentimita 10 hivi. Mantiki inasema sauti inatoka tunduni. Kinachotoka tunduni zaidi ni mvumo. Hewa iliyo ndani ya gitaa ina sauti yake yenyewe, kama chupa unayoipuliza mdomoni, na kwa magitaa mengi sauti hiyo iko karibu na hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde. Noti yoyote inayoangukia hapo inavimba, zinazobaki zinaonekana kama zimepigwa na mtu mwingine. Monita nayo ikiitikia kidogo tu, hewa ile inatikisika bila mtu kugusa uzi.

Nimeisogeza maiki mpaka pale shingo inapokutana na mwili, freti ya 12 hadi 14, nikaiinamisha kidogo kuelekea tunduni. Gitaa limerudi kuwa gitaa. Sikugusa ikwalaiza, vile vitufe vya kupunguza au kuongeza sauti za juu na za chini.

Siku ya 3

Leo ndiyo siku iliyonifundisha zaidi, na somo limeanza kwa aibu.

Nimechomoa SM57 nikachomeka kondensa mahali palepale, kwenye kebo ileile, nikawasha volti 48, umeme ambao kondensa hupewa kupitia kebo. Ukumbi mtupu umepiga ukelele wa kupasua kichwa. Mpiga gitaa ameinua mabega mpaka masikioni maana mikono ilikuwa imeshika chombo. Nikaropoka maneno ambayo nimeyasikia tangu nianze kazi hii: “Ndiyo maana kondensa hazifai jukwaani.”

Kisha nikatazama mikisa, meza ya kuchanganyia sauti. Sikuwa nimeteremsha geini, kiasi ambacho mikisa inaikuza sauti ya maiki.

Hebu tuhesabu. SM57 ikipewa shinikizo la sauti la paskali moja hutoa milivolti 1.6 hivi. Kondensa hii, kwa karatasi yake, inatoa 15. Hiyo ni tofauti ya desibeli 19 na ushei. Kwa hiyo sikubadilisha maiki tu. Nilibadilisha maiki na pia nikapandisha sauti kwa desibeli 19 kwa mpigo mmoja, halafu nikailaumu maiki. Dainamiki yoyote ukiipandishia kiasi hicho italia vilevile.

Nimerudia kwa haki. Maiki mbili, zote zenye usikivu wa umbo la moyo, midomo yao ikiwa pamoja kama ndege wawili kwenye waya. Geini nimeiweka mpaka gitaa lilelile linasoma kiwango kilekile kwa zote mbili. Kisha nimepandisha moja moja. SM57 ililia kwanza kwenye mluzi wa juu, karibu na pale ambapo yenyewe ina mwinuko wake, kilohezi 5 au 6 hivi. Kondensa ililia desibeli 2 tu mapema kuliko hiyo, na kwenye sauti ya juu zaidi. Desibeli 2! Nilipopunguza kidogo masafa yale kwenye ikwalaiza, tofauti ikaisha.

Maana yake, kwa namna ninavyoielewa: spika inapolia, sauti imetoka kwenye spika, ikaingia kwenye maiki, ikarudi kwenye spika ikiwa na nguvu ileile au zaidi. Huo mzunguko haujali maiki imetumia sumaku na koili au bamba lenye chaji. Unajali mambo mawili: chombo kiko karibu kiasi gani, na spika iko upande gani wa maiki. Kondensa husikia zaidi juu, kwa hiyo ina mahali pengi pa kuanzia mluzi. Ila “husikia mbali” ni hadithi. Hakuna maiki inayonyoosha shingo.

Hata hivyo, aina ina kazi yake, nisije nikaruka mkojo nikakanyaga mavi. Koili ya dainamiki imegandishwa nyuma ya utando na lazima yote yatikisike pamoja. Uzito huo unachelewa kufuata mguso mwepesi wa kucha kwenye uzi. Bamba la kondensa ni jepesi mno. Kwa gitaa linalochezwa kwa vidole, kondensa ilitoa ule mng’ao wa mwanzo wa noti ambao SM57 iliufunika kama kwa kitambaa. Kwa mwendo wa kukwangua, mpiga gitaa mwenyewe alipenda SM57, akasema inampunguzia kelele za kucha.

Siku ya 5

Pembe. Sikutarajia ichukue siku nzima.

Maiki yenye umbo la moyo ni kiziwi nyuma kabisa, digrii 180. Kila mtu anajua hilo, ndiyo maana monita huwekwa mbele ya miguu ya mpigaji, mkia wa maiki ukiitazama. Lakini maiki ya klipu niliyonayo ni supakadiodi, yenye usikivu mwembamba zaidi mbele, na hiyo nyuma kabisa inasikia kidogo. Uziwi wake uko pembeni kwa nyuma, karibu na digrii 126 kutoka mbele. Ukiweka monita mgongoni mwake ukidhani umeificha, umeiweka mlangoni.

Nimepiga magoti mbele ya stendi, monita ikiwa imepandishwa mpaka kwenye ukingo wa kupiga mluzi, ule mlio mwembamba unaosikika kama kinanda cha kioo mbali. Nikaizungusha maiki kwa kidole kimoja, polepole. Mlio ukapungua, ukapungua, ukakata kabisa. Nusu kiganja zaidi, ukarudi. Nimeweka alama ya utepe mweupe sakafuni mahali monita inapotakiwa kukaa, na mtu yeyote atakayeisogeza ili apate njia ya kupita atanikuta hapo.

Siku ya 6

Maiki ya utepe. Ndani yake kuna ukanda mwembamba wa aluminiamu uliokunjwa mikunjo midogo, umening’inia katikati ya sumaku. Inasikia mbele na nyuma kwa usawa, ubavuni haisikii kitu. Kwenye fidla ilitoa sauti nzuri kuliko zote nilizozisikia juma hili. Ukali wa upinde ulilainika bila kuzimika.

Lakini mgongo wake unasikia kodiani na kila kinachopita nyuma, ni dhaifu hata geini inafika mwisho, na upepo wa mlango ukifungwa kwa nguvu unaweza kuukunja ukanda ule. Na kebo yenye hitilafu ikikutana na ile volti 48, kwaheri. Nimeirudisha kwenye sanduku lake leo hiihii. Kiapo ni kiapo.

Siku ya 8

Besi. Uzi wake wa chini kabisa unatoa hezi 41. Kifua chake ni kama kabati, na mwenyewe anasimama karibu na monita ya kodiani. Maiki yoyote iliyo mbali zaidi ya kiganja inasikia kundi zima kabla ya besi.

Nikabandika piezo ya duara karibu na daraja, nikatafuta kebo yenye plagi sahihi, nikachomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la mikisa. Sauti iliyotoka! Mbu ndani ya kopo. Mpiga besi alivuta uzi wa chini mpaka mbao zikatetema, kwenye spika ikasikika “tik”.

Kosa halikuwa la piezo. Kidude hiki ni kama kapasita ndogo. Changu cha milimita 27 kina nanofaradi 20 hivi. Tundu la maiki kwenye mikisa lina upinzani wa omu 2,000 kwa makadirio. Ukiunganisha hivyo viwili umetengeneza kichujio kinachokata kila kitu chini ya hezi 4,000 hivi. Besi nzima inaishi chini ya hapo! Nilichokuwa nasikia ni kidole kuachia uzi, basi. Nikapitisha kwenye kisanduku cha DI chenye betri, kidude cha kuunganisha chombo na mikisa, ambacho tundu lake lina omu milioni moja. Hesabu ileile sasa inatoa hezi 8. Mvuto wa kwanza wa uzi na kioo cha dirisha kikaitikia.

Naandika hili kwa urefu kwa sababu nimewahi kuwaona watu wakitupa pikapu (kidude cha kubandika kama hiki) nzima kabisa wakisema “haina besi”. Kabla hujaitupa, iulize imechomekwa wapi.

Siku ya 9

Piezo peke yake inatoa uzito, haitoi mbao. Nikaongeza kondensa moja kwenye stendi fupi, sentimita 30 kutoka kifuani kwa besi. Nikafungua zote mbili na besi ikanywea. Kila moja peke yake nene, zikiwa pamoja nyembamba.

Kitufe cha kugeuza mawimbi kwenye mikisa nimekibonyeza upande wa piezo. Uzito ukarudi mara moja. Piezo ilikuwa inasukuma wakati maiki inavuta.

Bado palibaki shimo katikati, kwenye noti za juu. Sauti hutembea mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo hizo sentimita 30 zinaichelewesha maiki kwa karibu milisekunde 0.9, wakati piezo inapokea papo hapo kutoka kwenye ubao. Kwenye hezi 570 na ushei, kuchelewa huko ni nusu ya wimbi kamili, na moja inaifuta nyingine. Dawa niliyoichagua ni kugawana kazi: piezo nimeiachia chini ya hezi 200, maiki juu yake. Panapokutana hazibishani tena. Mpiga besi hakusema neno. Alianza kupiga kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha, akakipiga mpaka mwisho macho yakiwa yamefumba.

Siku ya 12

Fidla. Kwenye stendi haiwezekani. Huyu dada anapiga kwa mwili mzima, na kila akigeuka sauti inaondoka naye. Kwa hiyo klipu. Kutoka sentimita 40 za stendi mpaka 10 za klipu ni desibeli 12 za bure, bila kununua chochote wala kugusa kitufe. Hakuna tofauti ya aina ya maiki niliyoipima mradi huu iliyokaribia namba hiyo.

Ameniuliza swali zuri wakati naifunga: kama hii ndogo ni elektreti, na chaji yake imekwama ndani tangu kiwandani, volti 48 ni za nini? Ni kweli, huo ndio ujanja ambao Gerhard Sessler na James West waliufikia kwenye maabara ya Bell Labs mwaka 1962, nyenzo inayoshika chaji yake yenyewe. Lakini mkondo unaotoka kwenye bamba dogo vile ni mnyonge mno kutembea kwenye kebo ndefu, kwa hiyo ndani kuna kikuza sauti kidogo, na hicho ndicho kinachokula umeme. Akaridhika. Kisha akapiga, akakunja uso: “Kaka, hiyo si fidla yangu. Hiyo ni nyuki.”

Alikuwa na haki. Sikio lake limezoea fidla iliyo chini ya kidevu, mie niliweka maiki ikichungulia mahali upinde unapokwaruza. Nimelizungusha shingo la maiki mpaka likatazama upande wa tundu lenye umbo la f, si nyuzi, na likainuka kidogo. Nyuki akapungua, akabaki mmoja. Kilohezi 3 nimepunguza desibeli 3, naye akaondoka. Uzi wa chini kabisa wa fidla ni hezi 196, kwa hiyo kila kilicho chini ya 180 nimekikata bila huruma: miguu, monita, mvumo wa besi.

Siku ya 14

Kodiani ina pande mbili na moja inatembea. Vinanda vya mkono wa kulia nimevipa dainamiki kwenye stendi, sentimita 20 hivi, na hapa SM57 imeshinda waziwazi: kondensa ilisikia kila kitufe kikigonga kama mtu anaandika barua. Kodiani yenyewe ina mng’ao wa kutosha, haihitaji kuongezewa.

Mpigaji aliomba maiki ya pili upande wa mkono wa kushoto. Nimekataa. Mkono wake wa kushoto unapiga noti zilezile ambazo besi inapiga, na kila ukizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizo wazi jukwaani unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Maiki ambayo haileti kitu kipya inakula chakula cha wengine. Tumebishana, kwa heshima, kama dakika kumi. Mwishowe tukakubaliana kwamba kwenye wimbo mmoja ambao besi inanyamaza, atasogea nusu hatua kulia.

Siku ya 17

Mazoezi ya wote pamoja. Kila kilichokuwa sawa peke yake kimekuwa na neno la kusema.

Gitaa ndilo limesumbua. Kondensa kwenye freti ya 12 ilikuwa tamu kwenye spika za ukumbi, lakini mpiga gitaa alitaka kujisikia zaidi kwenye monita kuliko maiki inavyoweza kuvumilia, na mara mbili ubao wa gitaa ulianza kuvuma karibu na hezi 200. Suluhisho lilikuwa limelala chini ya daraja siku zote: ile piezo ya kiwandani. Sauti yake ina ule ukavu wa plastiki ambao sitaki hadhira iusikie, lakini hailii kirahisi. Kwa hiyo piezo inakwenda kwenye monita yake pekee, kondensa inakwenda kwa watu pekee. Yeye anasikia kile anachohitaji kupigia, wao wanasikia gitaa.

Orodha ilivyo sasa: gitaa kondensa na piezo, besi kondensa na piezo, fidla klipu, kodiani SM57. Aina tatu, yaani dainamiki, kondensa (klipu nayo ni ya ukoo huo) na piezo, na hakuna hata moja iliyochaguliwa kwa sababu ni “bora”. Dainamiki ya pili imebaki kwenye begi kwa dharura.

Siku ya 19

Onyesho. Mtu aliisogeza monita ya fidla nje ya alama ya utepe mweupe kabla ya watu kuingia. Niliisikia kabla sijaiona. Nimeirudisha. Katika wimbo wa nne besi ilipotea chini, ikabaki maiki tu, mbao bila uzito. Nilijua ni nini kabla sijafika: taa ya kisanduku cha DI imezima. Betri. Nimeibadilisha kati ya nyimbo mbili, nikitambaa nyuma ya kodiani, na mwenye kodiani, bila kuacha kupiga, akasogea nusu hatua kulia.

Kwa safari ijayo: kisanduku hicho kipate umeme wa volti 48 kutoka kwenye mikisa, kitufe chake kipo ubavuni na sikuwahi kukigusa. Betri za akiba zihame kutoka mfuko wa ndani wa koti kwenda begi la kebo. Utepe mweupe, roli mbili.